Mpini Mfupi wa Nyundo ya Thor

Brokkr amesimama kwenye mivukuto na hana ruhusa ya kuiacha. Ndugu yake Sindri ametia kazi motoni, akamwagiza avukute bila kukoma mpaka atakaporudi, kisha akatoka nje. Akaingia inzi. Inzi huyo ni Loki, mjanja wa miungu, aliyeweka kichwa chake rehani kwenye dau kwamba ndugu hawa wawili hawawezi kufua vitu vya kushinda vile vya mafundi wengine. Mara ya kwanza, ngozi ya nguruwe ikiwa motoni, inzi alimuuma Brokkr mkononi. Hakushtuka, na akatoka nguruwe mwenye manyoya ya dhahabu. Mara ya pili alimuuma shingoni, tena kwa nguvu zaidi. Hakushtuka, ikatoka pete inayodondosha pete nyingine nane za uzito wake kila usiku wa tisa. Mara ya tatu ikawa zamu ya chuma. Inzi akatua katikati ya macho, akang'ata kope, damu ikamwagikia machoni, fundi akawa haoni. Akainua mkono upesi kumfagia, na mivukuto ikatulia kwa muda wa kupepesa macho. Nyundo ilipotolewa motoni, mpini wake ulikuwa mfupi.

Snorri Sturluson aliiandika hadithi hii huko Iceland katika karne ya 13. Miungu walipoketi kuhukumu, nyundo yenye kasoro ndiyo iliyotajwa kuwa bora kuliko vyote, kwa kuwa ingewakinga na majitu, na Thor akakabidhiwa. Mpini ulibaki vilevile, mfupi.

Mimi huendesha michezo ya kuigiza wahusika mezani. Kila mchezaji anaponiambia kwamba mhusika wake anataka kujifulia upanga au kujichemshia dawa, namkumbuka Brokkr na kope lake.

Kwa asiyeijua michezo hii: watu wachache huketi pamoja, mmoja wao akiwa mwendesha mchezo, ndiye ulimwengu mzima, kuanzia mvua na soko hadi mfalme na joka. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, ambaye sifa zake zimeandikwa kwenye karatasi. Husema wanachotaka kufanya, na pale ambapo matokeo hayajulikani, dadu hurushwa. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na bado ndio unaochezwa kuliko yote. Umejaa panga zinazowaka moto, pete za kumficha mvaaji na majoho ya kuruka. Vitu hivi lazima vilitengenezwa na mtu fulani, na mapema sana wachezaji walianza kuuliza: kwa nini mtu huyo asiwe mimi?

Jibu la vitabu vingi limenihuzunisha kwa muda mrefu. Chukua kitabu cha wachezaji cha mchezo huohuo, cha mwaka 2014. Fundi ananunua malighafi kwa nusu ya bei ya kitu, kisha kazi yake inasonga mbele kwa thamani ya sarafu 5 za dhahabu kwa siku. Deraya kamili ya mabamba bei yake ni sarafu 1,500, kwa hiyo itachukua siku 300. Wahusika wawili wenye ujuzi wakishirikiana, siku 150. Kugawanya kwa mbili ndilo jambo pekee ambalo kitabu kinaliona katika watu wawili kufanya kazi pamoja. Hakuna moto humo, wala kope lililong'atwa. Siku zikitimia, deraya inatokea kwenye karatasi, sawa na ile iliyotundikwa dukani, na mhunzi aliyeifua hana la kusimulia zaidi ya kwamba alisubiri.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilikuwa na mahesabu makali zaidi. Mchawi aliyejifunza kutengeneza vitu alilipa nusu ya bei, akatoa siku moja kwa kila sarafu 1,000, na akakatwa pointi za uzoefu, moja kwa kila sarafu 25 za bei. Hilo la kukatwa uzoefu lina kitu ndani yake, kwa sababu fundi anaacha sehemu ya nafsi yake katika kazi. Tolkien alilijua hilo alipomfanya Sauron amimine nguvu zake ndani ya pete, hata pete ilipoyeyuka naye akaanguka. Lakini kwenye karatasi ya toleo la tatu uzoefu ulikuwa sarafu ya aina nyingine tu. Nenda ukazungumze na waliocheza miaka ile, watakukumbusha kijiti cha kuponya majeraha madogo: bei sarafu 750, matumizi 50, na ukijitengenezea mwenyewe unatoa 375. Wahusika walivibeba kwa mafungu. Hakuna aliyevipa jina.

Nawaelewa waandishi wa kanuni hizo. Wanaogopa jambo la kweli. Ukiruhusu kila mtu atengeneze apendacho, baada ya miezi michache hakuna tena hatari yenye maana, na mchezo usio na hatari hauchezeki. Kwa hiyo wakaweka bei na siku kama uzio. Wakafanikiwa kulilinda duka, na banda la mhunzi likabaki tupu.

Ajabu ni kwamba mwanzoni haikuwa hivyo. Kitabu cha waendesha mchezo alichoandika Gygax mwaka 1979 kina mfano wa wino wa kuandikia gombo la kumkinga mtu asigeuzwe jiwe. Unatakiwa kupata wino wa ngisi mkubwa, jicho la basiliski, manyoya ya kokatrisi, vito vilivyosagwa, maji matakatifu, na mbegu za maboga. Nazipenda mno zile mbegu za maboga. Jicho la basiliski litakupeleka mapangoni, na ngisi atakupeleka baharini, lakini mbegu za maboga zitakupeleka nyumbani kwa mkulima, ukabishe hodi, ukaribishwe, ukae, uulizwe habari za ulikotoka kabla ya kusema unachotaka. Katika mstari mmoja mchawi wa mnara mrefu amekuwa na haja na jirani. Wino kama huo hauna haja ya bei, maana kuutafuta kwenyewe ni msimu mzima wa mchezo.

Wazo hilo lilirudishwa kwa sehemu mwaka 2017, katika kitabu kilichopewa jina la Xanathar, ambapo kitu cha uchawi kinadai fomula yake na kiungo adimu kinachopatikana kwa kupambana na kiumbe fulani. Ni hatua nzuri, ingawa ina kasoro ya kumfanya kila mnyama wa ajabu kuwa kabati la vipuri. Wachezaji huanza kumtazama joka kwa jicho la mchinjaji. Na baada ya kiungo kupatikana, tunarudi kulekule: wiki kadhaa, sarafu kadhaa, kitu tayari.

Wahenga wa kaskazini walikuwa wakali zaidi juu ya viungo. Walipotaka kumfunga mbwa mwitu Fenrir, aliyekata kila mnyororo, mafundi wa chini ya ardhi waliwasukia utepe laini kama hariri kwa vitu sita: mshindo wa nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Ndiyo maana, Snorri anaeleza, leo paka hatoi mshindo na mlima hauna mizizi. Vilitumika vikaisha. Mwendesha mchezo anayelisoma hilo kwa makini atapata kanuni nzito kuliko majedwali yote ya bei: kitu kikubwa hupunguza kitu duniani, na upungufu huo unaonekana na kila mtu. Mchezaji wangu akitaka taa isiyozimika, nitamwuliza ni moto upi utakaozimika moja kwa moja ili huu uwake. Ni jiko la nani?

Mchezo ulionionyesha namna ya kuuliza hivyo kwa utaratibu hata haukuwa wa panga na majoka. Apocalypse World, uliotoka mwaka 2010, ni kazi ya Vincent na Meguey Baker, na umewekwa katika dunia iliyokwisha kuharibika. Humo kuna mhusika fundi mwenye karakana. Akisema anachotaka kutengeneza, mwendesha mchezo haruhusiwi kukataa. Anasema sawa, inawezekana, lakini. Kisha anachagua masharti kutoka orodha fupi. Itachukua saa, siku, wiki au miezi. Kwanza utafute au ukarabati kitu fulani. Utahitaji msaada wa mtu fulani. Utajiweka wewe na wenzako hatarini. Utakachopata kitakuwa dhaifu na hakiaminiki. Itabidi ubomoe kitu kingine ili upate hiki. Dungeon World ya mwaka 2012 ilimpa mchawi wa hadithi za kale utaratibu wa namna hiyo kwa ibada zake, na tangu hapo mimi huutumia katika mchezo wowote, kitabu kiseme kinavyosema.

Acha nieleze ulivyofanya kazi mezani kwetu. Mchezaji mmoja, ambaye mchana ni fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa na mhusika mhunzi katika visiwa vya kubuni. Lilikuwako joka la maji ambalo chuma cha kawaida kiliteleza juu ya magamba yake, naye akataka kufua mkuki wa kulichoma.

“Sawa, fundi,” nikamwambia. “Chuma utakitoa wapi?”

Akafikiri kidogo. “Nanga. Nanga ya jahazi la babu, lililozama mwambani.”

“Nanga hiyo sasa ni ya nani?”

“Ya shangazi. Babu aliwaachia binti zake.”

Kwa hiyo kabla ya moto kuwashwa, mkuki ulikuwa na ukoo. Walikwenda kwa shangazi, nami nikamsemea: “Chukua, mwanangu. Ila usije ukauza hata kipande. Siku ukiichoka, irudishe ilikotoka.” Mwenzao mzamiaji akashuka mwambani kuifunga kamba. Mwingine akaenda kupatana na wachoma mkaa wa bara, ambao hawakuwa na urafiki na watu wa visiwani, na hapo tukapoteza jioni nzima katika mazungumzo matamu juu ya deni la zamani. Kazi ya kuvukuta ikaangukia kwa mwizi wa kundi, msichana asiyejua lolote kuhusu chuma, kwa kuwa hakubaki mwingine.

Dadu ikarushwa, ikatoka vibaya. Kwa kanuni za vitabu vingi hapo malighafi imeharibika, rudi mwanzo. Badala yake nilimgeukia yule wa mivukuto na kumwuliza kulitokea nini.

“Nilisinzia,” akasema. “Kidogo tu. Alfajiri.”

Aliyepokea jibu hilo ni yule mchomeleaji mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake. Kama moto ulipungua upande mmoja, alisema, basi chuma hakikushikana sawasawa. Upande huo utabaki laini, na mkuki utachoma lakini utapinda. Tukakubaliana. Mkuki wa nanga unatoboa magamba, na baada ya kila pigo mtu lazima aukanyage kwa kisigino aunyooshe. Kazi hiyo akapewa mwizi, naye hajawahi kuilalamikia. Huwa mbele kabisa katika kila pambano, mahali ambapo mwizi kwa kawaida hapendi kuwa, akiusubiri mkuki udondoke.

Hakuna jedwali lingeweza kutupa hilo. Lakini naomba nisieleweke kwamba majibu hutoka hewani. Yalitoka kwenye ujuzi wa kweli wa kazi ya mikono, na hapa ndipo mwendesha mchezo anapotakiwa kwenda shule kwa wahunzi. Mfano bora ninaoujua uko Kagera. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma kwa njia ya mababu, kazi iliyokuwa imekufa kwa miongo kadhaa baada ya chuma cha viwandani kuingia kwa bei rahisi. Wazee walikumbuka. Walijenga tanuri la udongo, wakajaza shimo lake matete ya kinamasini yaliyochomwa, wakaingiza mabomba ya udongo kutoka kwenye mivukuto hadi ndani kabisa ya moto, hivi kwamba hewa iliyopulizwa ilipata joto kabla ya kufika kwenye mkaa. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu ustadi huo, na mabaki ya matanuri ya eneo hilohilo yalionyesha kwamba chuma kiliyeyushwa pale tangu karibu miaka 2,000 iliyopita.

Tazama kilichomo katika kazi moja kama hiyo. Kuna anayejua kinamasi chenye matete yafaayo. Kuna wakata miti na wachoma mkaa, na mkaa unaotakiwa ni mwingi kupita kiasi. Kuna wafinyanzi wa mabomba. Kuna wavukutaji wanaopokezana, na wimbo wa kuwashikia mdundo. Kuna miiko: katika jamii nyingi za Afrika zilizoyeyusha chuma, waliokuwa kwenye tanuri walikatazwa kulala na wake zao hadi kazi iishe, kwa kuwa tanuri lenyewe lilihesabiwa kuwa mke mwenye mimba. Mwandishi wa kanuni anayegeuza yote hayo kuwa “siku 10” ameitupa shibe ya hadithi nyingi, akabakiza muda peke yake. Mwiko mmoja tu, ukiwekwa mezani kabla ya moto kuwashwa, hufanya kazi kubwa: kila mchezaji anajua unaweza kuvunjwa, na mmoja wao ataanza kuwaza nini kitatokea ukivunjwa.

Nasi Waswahili tuna hazina yetu katika jambo hili, na hazina hiyo haina hata chembe ya uchawi. Fumo Liongo amefungwa minyororo gerezani. Anamtuma Saada, kijakazi, kwa mama yake, na mama anaoka mikate mizuri pamoja na mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani ya ule wa wishwa. Walinzi wanakula mizuri, wanamwachia mfungwa makapi. Kisha Liongo anaomba ngoma ichezwe nje, na katika vishindo vya ngoma anakereza minyororo yake bila kusikika. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliutungia utendi mwaka 1913 mkasa ambao watu wa pwani walikuwa wakiusimulia tangu zamani.

Mkate ule ndio kitu kilichotengenezwa kwa ustadi kuliko vyote ninavyovijua katika fasihi yetu. Tupa ni ya kawaida, wishwa ni wa kawaida. Ustadi wa mama uko katika kuwajua walinzi: uroho wao na dharau yao. Mchezaji wangu akija na wazo kama hilo, namrushia dadu ya nini? Fundi aliyeelewa kitu chake kitapita mikononi mwa nani amekwisha kufanya sehemu ngumu ya kazi. Kanuni nzuri inapaswa kumlipa kwa uelewa huo kabla ya kumlipa kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Na Liongo huyohuyo hafi kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, mkononi mwa mwanawe. Metali moja, mahali pamoja pa mwili, mtu mmoja wa kumfikia. Silaha hiyo haina bei sokoni kwa sababu nje ya kitovu hicho ni sindano tu.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Utengenezaji huwa shughuli ya mtu mmoja. Mhunzi akifua, wenzake wanne wanakodolea macho simu. Ars Magica, mchezo wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen wa mwaka 1987, ulilikabili tatizo hilo mapema: mwaka umegawanywa katika misimu minne, mchawi anaweza kujifungia maabara msimu mzima, na mchezaji wake wakati huo anamwigiza mhusika mwingine, askari au mtumishi wa ngome, anayetoka na wenzake kwenda kusaka kile ambacho maabara inakihitaji. Ni suluhisho la busara kwa meza yenye subira. Meza yangu haina subira kiasi hicho, kwa hiyo mimi hutumia njia ya Brokkr: hakuna kitu kinachofuliwa na mtu mmoja. Lazima awepo wa mivukuto, na awepo wa kulinda mlango, na inzi aingie kwa mmoja wao.

Jambo la mwisho nimeliazima kwa Earthdawn, mchezo wa mwaka 1993. Humo silaha ya kale haifunguki kwa mwenyewe mpaka ajue jina lake, aliyeifua, na matendo iliyoyafanya. Kila anachojifunza juu yake humwongezea nguvu kidogo. Waandishi wake walifikiria vitu vilivyookotwa makaburini. Mimi naviwekea sharti hilo hata vile tulivyofua wenyewe. Kila kitu kilichotengenezwa mezani kwetu kina kadi: asili ya malighafi yake, nani alishika nini usiku wa kazi, kasoro yake, na ahadi iliyotolewa. Mhusika akifa, kitu kinapita kwa mwingine, lakini kadi inabaki kwangu. Mpokeaji anatumia silaha kama chuma cha kawaida mpaka awaulize waliokuwepo. Yule mhunzi wa visiwani alikufa, na mkuki wa nanga umepata mwenyewe mpya, aliyejiunga nasi baadaye. Amekwisha kuwauliza watatu. Wote wanamtaja shangazi na sharti lake, lakini mchomeleaji anashikilia kwamba makosa yalikuwa ya mkaa wa bara uliokuwa mbichi, na mwizi naye sasa anasema hakusinzia.